Kapu la kuivishia chakula bila moto: nimekaa nalo miezi minne, haya ndo maoni yangu

Assalam alaykum. Tokea nilipoweka ile picha ya kapu stetasi mwezi wa Shaabani naulizwa, na shoga zangu, na mawifi, mpaka mwalimu wa skuli ya mwanangu, "lile kapu kweli linapika?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa leo naandika yote hapa, zuri lake na baya lake, kila mtu asome aamue mwenyewe.

Jibu la haraka: kapu halipiki, linaivisha. Kuchemsha unachemsha wewe jikoni kwako, kwa makaa au gesi au umeme, sufuria likishachemka sawasawa unalitoa motoni unalitia kapuni unalifunika, na ule moto uliomo ndani ya sufuria ndo unaomaliza kazi. Mie mwanzo sikulifahamu hili nikalilaumu kapu bure, ntaeleza.

Kwa asielijua, ni kapu la ukili, wa miyaa mizito, la duara, kimo chake kama ndoo ya lita 20 lakini pana zaidi. Ndani limeshonewa kama godoro, juu kitambaa cha kanga na chini yake sufi imeshindiliwa pande zote mpaka kitako, unene wake kama upana wa kiganja changu, halafu kuna mto wake wa duara unaokaa juu ndo kifuniko. Sufi hii hii ya msufi, ile ya mito na magodoro ya bibi zetu, wenye umri wangu mtakumbuka kukalishwa ukumbini tunachambua sufi na kokwa zake mpaka pua zinawasha. Yule mama alieniuzia kanambia walijaribu sponji, wakajaribu nguo za mitumba zilokatwakatwa, mwisho wakarudi kwenye sufi. Na ukifikiri ni kweli, mana unyuzi wa sufi ndani mtupu kama mrija, umejaa hewa tu, na hewa ikitulia mahala pamoja joto halipiti haraka. Ukiulalia mto wa sufi usiku wa kaskazi shingo inatoka jasho, sababu ni hiyo hiyo.

Nililinunua Darajani, sokoni mjini Unguja, kwa mama anaeuza vikapu na mikeka, yeye anatoka shamba na wanashona kikundi. Yako mawili, dogo elfu 40 na kubwa elfu 55, mie nikachukua kubwa kwa sababu nyumbani tuko watu saba, mie na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe wangu. Elfu 55 kwa kapu nakubali sio pesa ndogo, nilikaa wiki mbili nalifikiria, lakini nilikua nshachoka na makaa. Nimechoka na bei, nimechoka na vumbi lake, na nimechoka na kukaa jikoni tokea saa nne mpaka adhuhuri nangoja kunde ziive huku napepea.

Na kuna jengine zaidi ya pesa. Kwetu ni upande wa Chwaka. Mie nimekulia na mikoko, tulikua tunakwenda na mama kuokota makombe na kutafuta kaa kwenye mizizi yake, na kila mtoto wa pale anajua samaki wadogo wanajificha wapi maji yakijaa. Ghuba ile na msitu wa Jozani vimefanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, alhamdulillah, lakini mikoko inaendelea kukatwa kuni na makaa, na miti ya uwanda vilevile, nikenda nyumbani nakuta mahala palipokua na kichaka saivi mawe matupu. Makaa mengine yanavushwa kutoka bara kwa majahazi, kwa hiyo na huko ni miti ya watu wengine inaondoka. Tanuu la udongo la kuchomea makaa linakula kilo 5 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja ya makaa, nilipolijua hilo nililitazama polo langu, yani gunia la makaa, lililosimama nyuma ya mlango kwa jicho jengine kabisa. Na watu tunazidi, sensa ya 2012 Zanzibar tulikua milioni 1.3, ya 2022 tumekaribia milioni 1.9, na sote tunakula kila siku mara tatu. Siwezi kupanda mikoko kila wiki, nina kazi na watoto. Lakini sufuria la kunde liko mikononi mwangu.

Sasa siku ya kwanza. Nilichukua maharage nusu kilo, sikuyaroweka, nikayachemsha kama dakika tano hivi, nikayatia kapuni kwenye sufuria langu kubwa la pilau ambalo halikufika hata robo, na kila baada ya nusu saa nafunua natazama kama yameiva. Maghribi maharage magumu kama kokoto na maji vuguvugu. Mume wangu hakusema neno, akala mkate na chai. Mama mkwe wangu (mtu wa Wete, mpishi hasa) alikaa kimya mpaka watoto walale ndo akanambia, "Mwanangu, sufuria likishaachana na moto litaiva na nini?" Nikasema haya, kesho nalirudisha.

Sikulirudisha, nilimpigia simu yule mama. Hapo ndo naona huduma yake nzuri mana hakunijibu kwa mkato, alinikalisha kwenye simu robo saa nzima na vocha yake mwenyewe. Aliniuliza sufuria lilijaa? Halikujaa. Uliroweka? Sikuroweka. Ulifunua mara ngapi? Nikanyamaza. Akanifahamisha hivi: joto linalotumika ni lile lililoingia kwenye maji na chakula, hakuna jengine litakaloongezeka, kwa hiyo sufuria likiwa na maji kidogo lina joto kidogo na linapoa haraka, likijaa mpaka karibu na shingo lina akiba kubwa. Na kila ukifunua unaitoa ile akiba nje kwa mvuke, kisha huna pa kuirudishia ila urudi jikoni ukachemshe tena. Ukishafunika ondoka, katafute kazi nyengine.

Nikafanya kama alivosema, na saivi huu ndo utaratibu wangu wa maharage: nayaroweka usiku, asubuhi nayamwaga yale maji natia mengine, yanachemka kwa nguvu kabisa dakika 20, natia kwenye sufuria la saizi yake lijae, mfuniko unaobana, kapuni, mto juu, na kanga ya zamani nazungushia juu ya mto. Saa nne kasoro asubuhi nafunika, saa nane nafunua, maharage laini yanapondeka kwa vidole na sufuria bado huwezi kulishika bila kitambaa.

Nasisitiza hapa kidogo mana ni afya za watu: maharage hasa yale mekundu lazima yachemke kweli kweli kwanza, yatokote, dakika 10 ndo chini kabisa. Yana sumu yake ya asili ambayo inakufa kwa kuchemka tu, na ukiyapasha moto mdogo mdogo bila kuyachemsha inazidi kuwa kali, tumbo litakushika vibaya na kutapika juu. Usijaribu kuyatia kapuni kabla hayajatokota ati kapu litamalizia. Hapana. Na jengine, chakula kikiwa kapuni kisiachwe mpaka kikawa vuguvugu, vijidudu vinapenda joto hilo, chini ya nyuzi 60 vinazaliana. Mie sipitishi saa tano au sita, na kabla ya kupakua narudisha jikoni kikatokote mara moja, ndo nakuwa na amani. Kulaza chakula kapuni usiku kucha mpaka asubuhi mie sifanyi.

Baada ya hapo nikaanza kujaribu kila kitu. Kunde na choroko ndo vyepesi kuliko vyote, choroko hata kuroweka hazitaki, dakika kumi za moto na saa mbili za kapu. Mbaazi vizuri mno, lakini usitie tui zito kabla, tui zito litie mwisho ukirudisha jikoni, nilitia mara moja toka mwanzo likakatika. Nyama ya ng'ombe ya supu na mifupa inatoka laini na supu safi haina povu, mana haitokoti muda mrefu. Njugu mawe hazikunifurahisha, mara mbili nimejaribu, zinataka kurudishwa motoni katikati, kwa hiyo hizo napika kama zamani.

Pweza nimseme peke yake. Nyote mnajua pweza anavosumbua, unampiga, unamchemsha, makaa yanakwisha na yeye bado mpira. Mie nilimkosha, nikamtia sufuriani na maji kidogo ya kumfunika na ndimu na chumvi, akatokota dakika 25 kisha kapuni saa tatu. Wallahi alikatika kwa kijiko. Ngozi yake ilibaki haikuchunika chunika kama anavokua akichemshwa saa mbili mfululizo. Nikampika mchuzi wa nazi, na hiyo ndo siku mama mkwe alipoliuliza kapu limenunuliwa wapi. Mpaka leo hawezi kuniacha nikampika pweza kwa njia nyengine.

Bokoboko pia. Kwa sie tunaopika bokoboko ile kazi ya kukaa na sufuria asubuhi nzima isiungue chini mnaijua. Ngano imerowekwa, nyama imekatwa, vinachemka pamoja nusu saa, kapuni saa nne, halafu unarudisha jikoni kwa kuponda na samli tu. Haikuungua hata punje kwa sababu hakuna moto chini. Idi kubwa nilipika hivi, sufuria mbili, nikaazima kapu la jirani ambae nae alishanunua kwa kuniona mie.

Wali sasa. Hapa mimi na mama mkwe tumekubaliana kwa mara ya kwanza tokea kapu liingie. Wali wa nazi unaiva kapuni, laini, punje mbali mbali, hauna tatizo lolote, lakini hauna ukoko. Wali wa nazi wa kwetu unapaliwa, makaa juu ya mfuniko, chini ukoko ule wa rangi ya dhahabu wanaopigania watoto, na kapu haliwezi kukupa hicho. Kwa hiyo siku za kazi nikiwa na haraka wali naweka kapuni, Ijumaa wali unapaliwa, mama anapalia mwenyewe.

Vitu vya kukaanga, chapati, mikate ya kumimina, samaki wa kupaka, hivyo havihusiki na kapu kabisa. Sima vilevile haihusiki. Urojo mie sipendi kuuweka, unapata ladha ya kukaa. Nawaambia mapema mana nimeona watu wanauza vitu kwa maneno kwamba utaacha makaa moja kwa moja. Hutoacha. Utapunguza.

Utapunguza kiasi gani? Mie nimehesabu. Nyuma ya mlango wa jiko kuna tarehe nimeandika kwa chaki, kila nikifungua polo naandika. Kabla ya kapu, mapolo matatu ya mwisho yalinikalia siku 19, 20 na 18. Baada ya kapu, siku 31, 29 na 33. Hiyo ya 33 isinidanganye, mana watoto wawili walikua Pemba kwa shangazi yao wiki nzima, nyumba ilipumua. Lakini hata ukiitoa, zile siku ambazo zamani nilikua namaliza karibu mapolo matano saivi namaliza matatu. Bei ya kapu haikufika mapolo mawili, kwa hiyo pesa yangu ishanirudia.

Wenye gesi msiseme hii ni ya watu wa makaa. Wifi yangu wa Fuoni anapikia gesi, mtungi wa kilo 6, nae analo dogo na anasema mtungi unamfikisha mbali zaidi ingawa hakuhesabu kama mie. Saivi nchi nzima inasema nishati safi, mkakati wa taifa wa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na mie naunga mkono kwa mikono miwili, moshi umetuharibia wazee wetu macho na vifua. Lakini gesi inakuja kwa meli na umeme wetu unapita kwenye waya chini ya bahari, na tuliokuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hatujasahau miezi mitatu ya kiza Unguja nzima. Nishati yoyote utakayotumia, kuitumia dakika 20 badala ya saa tatu ni bora, na siku umeme ukikatika na sufuria lako liko kapuni halina habari.

Kitu ambacho sikukitarajia ni muda. Ramadhani ndo nililijua hili kapu. Zamani kuanzia saa tisa nnakua jikoni, majiko mawili yanawaka, moja la mbaazi au muhogo na jengine la mchuzi, joto la kaskazi na funga, ukifika magharibi huna hata nguvu ya kuinua kikombe cha uji. Safari hii nilikua napika baada ya kusali adhuhuri, nachemsha kimoja baada ya kimoja kwa jiko moja, naweka kapuni, nalala kidogo, nasoma juzuu yangu, saa kumi na moja nawasha jiko kwa kaimati na samaki tu. Siku nyengine nilikaa na watoto tukafuturu sote pamoja nimetulia, sio mie nipo jikoni na wao wananiita. Hilo sijui nilithamini vipi kwa pesa.

Ila inakutaka uwe mtu wa kupanga. Ukiwa unaamua saa sita utakula nini saa saba, kapu litakaa pembeni litie vumbi. Mie nimebidi nibadilike, usiku kabla ya kulala najua kesho nini, nishaloweka. Shoga yangu mmoja kalinunua, kalitumia siku tatu, saivi anawekea foronya na shuka. Hana kosa, anafanya kazi kwa zamu na hajui siku zake.

Sasa mabaya yake, na hapa yule mama anisamehe lakini nishamwambia mwenyewe.

La kwanza masizi. Sufuria la makaa chini jeusi, na kitambaa cha ndani siku ya pili tu kilishakua cheusi. Na kimeshonewa moja kwa moja, huwezi kukivua ukafua. Mchuzi ulinimwagikia wiki ya tatu, sufi ikanywa, na ilikua masika, jua hakuna, siku nne kapu limekaa barazani halijakauka likaanza kunuka uvundo. Ikabidi nifumue mshono, nitoe sufi iloharibika, nitie nyengine. Alinipa sufi bure, sikatai, lakini kazi niliifanya mie. Mto tu ndo una foronya inayotoka, ingetakiwa na ndani kuwe hivyo hivyo, foronya kubwa yenye kamba au zipu. Nilipomwambia alisema yanayoshonwa sasa wanayafanya hivyo, na kweli lile la jirani yangu lililonunuliwa juzi juzi linavuliwa. Kwa hiyo ukinunua angalia hilo kwanza, kama halivuliki usilichukue.

La pili ni hatari na nataka kila mtu alisome. Sufi inashika moto haraka sana. Siku moja nilitoa sufuria jikoni nikalitia kapuni bila kulitazama chini, kumbe kijikaa kimeganda kitakoni. Nikaenda kusali alasiri, nimo kwenye rakaa ya pili nasikia harufu ya nguo inaungua. Nilikata sala nikatimua mbio, moshi unatoka pembeni mwa mto, nikalitoa kapu uani nikalimwagia maji. Tundu kama kiganja, na mchuzi wote ukaharibika, lakini Mungu katuhifadhi, watoto walikua chuoni na mama amelala. Tokea siku hiyo sufuria likitoka motoni nalikalisha kwanza kwenye bati lenye mchanga kidogo, nalifuta kitako kwa kitambaa kibichi, ndo naliingiza, na ndani chini nimeweka kipande cha bati la duara nilichokatiwa na fundi. Masizi nayo yamepungua kwa hiyo njia. Yule mama wakati wa kuuza hakunionya juu ya hili hata kidogo na nilimlaumu, alisikitika kweli. Mie naona kila kapu lingeuzwa na bati lake chini, hata wakiongeza elfu mbili tutatoa.

La tatu ni mahala. Jiko langu dogo, kapu hili na mto wake linakula nafasi ya mtu mmoja. Saivi linakaa ukumbini chini ya meza, wageni wanalidhania kiti cha watoto. Na sisimizi wanalipenda, kitako chake naweka majivu kidogo.

Ufundi wa mkono wenyewe hauna neno, ukili umebana, mikono ya kubebea imeshonwa kwa kamba ya usumba na nalivuta kila siku halijaachia uzi. Kanga waliyoitumia kwenye langu ilikua ya rangi nzuri mwanzo, saivi siiangalii.

Pale pale kwake nilichukua na vitu vyengine, niviseme kwa ufupi. Madodoki ya kukoshea vyombo, shilingi mia tano moja, nimeacha kununua yale ya plastiki yanayochanika chanika na kuishia kwenye mtaro. Dodoki moja linanikalia wiki tano mpaka sita, likichoka nalitupa chini ya mgomba linaoza lenyewe. Kwa masizi ya masufuria halitoshi, hapo natumia kumbi la nazi na majivu, kama tulivokua tunafanya sote kabla hatujaona aibu nayo. Kikapu cha sokoni cha kawaida pia anacho, elfu nane, na hicho sina la kusema, mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku toka 2006 lakini bado nikenda sokoni muuza tungule ananichomolea kimfuko kutoka chini ya meza, nampa kikapu anatia humu humu, basi. Sabuni ya mwani alokua nayo sikuipenda, inakwisha haraka kwenye maji yetu ya chumvi, labda kwenu kwenye maji matamu itakaa.

Kama ningekua natoa nyota ningelipa nne katika tano. Ile moja naizuia kwa ajili ya kitambaa kisichovulika na lile bati lisilokuwepo, akiviweka vyote viwili nampa tano na dua juu. Kwa nyumba ya watu wengi inayokula kunde na maharage na nyama ya supu mara nne tano kwa wiki, nunua. Mtu anaekaa peke yake na anapika kikombe kimoja cha mchele, dogo lenyewe litakua kubwa kwako, mana sufuria lisilojaa halikai na moto. Na kama huna pesa kwa sasa, usingoje, chukua polo safi au ndoo kubwa, shindilia matambara au makumbi makavu yalochambuliwa, acha tundu la sufuria katikati, mto wa kulalia juu. Halitopendeza lakini kunde zitaiva, mie nimemfanyia hivyo mdogo wangu Chwaka na anapikia mpaka leo.

Yule mama anapatikana asubuhi mpaka saa nane hivi, Ijumaa hayupo, na makubwa mara nyingi yanakwisha kwa hiyo toa oda, inachukua kama siku kumi kwa sababu wanashona kwa mkono. Na ukenda, wanawake wenzangu, msione haya, nenda na sufuria lako lile unalopikia kila siku, na mfuniko wake, litie ndani ya kapu pale pale dukani uone. Likicheza pembeni mwambie aongeze sufi. Likiwa na mkono mrefu haliingii, mie langu zuri la wali limebaki nje kwa sababu hiyo.